Nilivyorudisha nguvu za miguu baada ya kutoka ICU

Jamani ukitoka ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, watu wanakupongeza umepona, kumbe ndo kwanza kazi inaanza. Mimi nilishikwa na nimonia kali nikawekewa mashine ya kupumulia, sikumbuki mengi zaidi ya ndoto za ajabu ajabu naona watu wanatembea darini, sasa niliporudishwa wodini naambiwa haya mama kaa kitako, nikashindwa. Yaani kukaa tu! Kijiko hakifiki mdomoni mkono unatetemeka, sauti imekauka sababu ya lile bomba la kooni, mapaja yamekwisha ngozi inaning'inia.

Nikajua nimepooza. Dada wa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndo akanitoa hofu, akasema mtu akiwa mahututi mwili unakula misuli yake wenyewe, sio kwa kulala tu bali hata ugonjwa wenyewe unaimaliza, na kuna utafiti wa London uliotoka 2013 walipima msuli wa paja kwa wagonjwa wa ICU wakakuta umepungua karibu asilimia 18 ndani ya siku 10. Siku kumi! Nikashusha pumzi.

Shida ikawa nyumbani Tandika. Kila anaekuja kunipa pole, pumzika, usijichoshe. Shangazi ndo alikuja kuniuguza, na mapenzi yake nusura yanimalize, atanibeba, atanilisha uji mweupe asubuhi na jioni, nikigusa hata kikombe ananipokonya. Tuliporudi kliniki fizio akamwambia mbele yangu, shangazi ukimuonea huruma hivi hatoinuka huyu. Alinuna siku ile, ila alivyoelewa akawa mkali kuliko fizio mwenyewe.

Zoezi lililonirudisha ni kunyanyuka kwenye kiti, basi. Kiti cha plastiki kile chenye mikono unakisukumia ukutani kisiteleze, unaweka mto juu kiwe kirefu, unasogea mpaka ukingoni, nyayo unazivuta nyuma kidogo halafu unainama mbele ndo unasukuma na miguu, mikono inasaidia. Ukizoea unatoa mto, baadae unakunja mikono kifuani. Na kushuka ushuke taratibu usijitupe, huko kushuka ndo paja linafanya kazi kweli kweli. Nilikua nafanya kidogo napumzika narudia, alfajiri kabla joto la Dar halijapamba moto, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kiko pembeni, niliambiwa ikishuka chini ya asilimia 90 niache kwanza.

Fizio akaniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia fundi cherehani, ile ya kukanyaga. Akacheka, akasema mashine unayo ndani unangoja nini? Nikaambiwa nitoe ule mkanda wa mashine nikanyage gurudumu tupu, kifundo cha mguu kilikua kizito hakinyanyuki vizuri na pale ndo kilipolainika, wateja wanapita wanachungulia mbona fundi anashona bila kitambaa, nikawa nawaacha tu.

Halafu kula. Uji mtupu haujengi misuli, aisee hili shangazi lilimchukua muda. Tukaanza kuuchanganya na maziwa na karanga za kusaga, mayai, maharage, dagaa, na vibua baba watoto anapitia soko la samaki Feri. Hamu ya kula hamna kabisa kwahiyo nakula kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye shida ya figo aulize daktari wake kwanza asiniige mimi.

Kilichonisumbua mpaka mwisho ni ngazi ya daladala. Ile ya kwanza ipo juu na konda hana subira anagonga bodi mguu wako uko hewani bado. Nikaweka tofali barazani, napanda nashuka nimeshika nguzo, yakawa mawili, mpaka nikapanda gari ya Kariakoo mwenyewe, shangazi nyuma yangu na mkoba wa nini sijui.

Sasa hivi natembea fresh. Nywele zilipukutika sana miezi ile ya baada ya hospitali nikalia, zimeota. Vidole ndo bado, mkasi mkubwa kwenye kitambaa kizito cha suti unanishinda namuachia kijana wangu akate, magauni nashona mwenyewe. Oda za sikukuu napokea ila mje mapema, za usiku wa kuamkia Idi mwaka huu sichukui.