Sentimita 26 za usukani

Leo jioni ndo nimefunga bolti ya mwisho ya stelingi. Nimekaa barazani hapa Shangani, Mtwara, mikono bado inanuka grisi, mvua imekatika kama saa moja iliyopita, na naandika saivi kwa sababu nikilala kesho nitakumbuka tu kwamba ilifungwa, sitakumbuka ilivyokuwa.

Kwa ambao hawajui habari ya mwanzo, najenga kigari cha wazi cha watu wawili, mabomba matupu, cha kukanyagia mchanga wa ufukweni Msimbati. Chasisi nimechora mwenyewe na nimeiunga kwa mabomba ya mraba ya milimita 25, vilivyobaki karibu vyote vimetoka kwenye Corolla 110 moja iliyogongwa nyuma vibaya ila mbele ilikuwa salama. Injini ya 5A na gia boksi yake nimezihamishia nyuma ya viti, mbele nimeacha reki ya stelingi (ile yenye meno inayosukuma matairi kushoto na kulia), nave na matairi. Pawa ya stelingi nimeitoa, huku mbele hakuna uzito wa kuhitaji pampu.

Sasa shida ilianzia hapa. Kwenye Corolla unakaa umenyooka kama uko mezani unakula, kwaiyo kolamu, yaani ule mti unaobeba usukani, inashuka kwa mteremko mkali kwenda miguuni alafu inaungana na reki kwa kishafti kifupi chenye krosi mbili, yaani viungo vinavyozunguka huku vimekunja kona, moja juu moja chini. Kwenye kigari changu unakaa chini kabisa, miguu umeinyoosha, usukani inabidi ukufuate kifuani na kolamu ilale. Nikaining'iniza kwa kamba pale inapotakiwa kukaa, nikapima toka mwisho wa kolamu mpaka kwenye meno ya reki, kishafti kikawa kifupi kwa sentimita 26. Ni kama urefu wa kiatu changu. Nilipoona hivo nikajua ni kazi ya siku moja.

Ilikuwa Septemba. Jirani kuna kijana anachomelea mageti na madirisha, mkono wake mzuri sana, nikampelekea kishafti nimekikata katikati pamoja na nondo laini ya unene ule ule, akaunga ncha kwa ncha, akasaga kwa grainda mpaka ikawa laini, tukapaka rangi nyeusi. Aisee ilipendeza. Ungeambiwa imetoka kiwandani Japani ungekubali.

Jumapili yake mjomba akaja. Mjomba huyu ni mdogo wake mama, ameendesha malori ya korosho miaka mingi barabara ya Newala na Masasi, na mkono wake wa ufundi ndo ulionilea, na kwetu Wamakonde mjomba akishasema jambo unakaa chini unasikiliza. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kuona shafti. Hakusema kitu. Akaibana kwenye jiriwa, akachukua spana kubwa, akachomeka na bomba la kama mita moja nyuma yake, akasukuma, wala hakutumia nguvu zote. Ikalia tak. Ikakatika pale pale kwenye wedingi.

Akanipa kipande nishike. Naomba nikieleze vizuri kwa sababu mpaka leo nakiona. Pembeni kuzunguka kulikuwa na ukingo mwembamba unang'aa, hapo ndo wedingi ilikuwa imeshika, alafu katikati duara jeusi, kubwa, chuma na chuma vimegusana tu havijaungana kabisa. Na kile kidogo kilichoshika tulishakipunguza wenyewe kwa grainda tukitafuta uzuri. Mjomba akasema, "Mjomba, chuma cha shafti sio chuma cha geti." Akanielewesha kwamba shafti ni chuma kigumu, ukikichoma alafu kikapoa haraka, pembeni ya wedingi panakuwa kama kioo, hapapindi, panakatika. Geti likikatika unapigilia lingine. Akaishia hapo, akaomba maji ya kunywa.

Alafu msimu wa korosho ukaanza, mjomba akapanda Tandahimba shambani, na mimi sikutaka kugusa stelingi yeye hayupo. Oktoba, Novemba, Desemba, kigari kimekaa chini ya turubai. Ila hiyo miezi haikupotea, nilinunua kishafti cha pili cha gari kama hiyo hiyo kwa watu wa vyuma chakavu, na nilikuwa nafungua kolamu usiku usiku nione imekaaje ndani.

Na humo ndani ndo nilikutana na kitu ambacho nilikuwa karibu kukiharibu.

Shafti ya ndani ya kolamu sio moja. Ni mbili, moja imeingia ndani ya nyingine, na zimezuiliwa zisitelezee kwa vipini vidogo vya plastiki, kwa nje unaona vinukta tu vyeupe, saizi ya mbegu ya ufuta. Na pale kolamu inaposhikwa chini ya dashibodi, bolti hazijabana chuma moja kwa moja, zinapita kwenye vipande vinavyoweza kuchomoka. Mimi nilipoviona mara ya kwanza nikasema hii imechoka, plastiki kwenye usukani inafanya nini, na kwenye daftari langu niliandika kabisa: kuchomelea hapa iwe imara. Nilishapanga na lile bango la kolamu, kile chuma kinachoishikilia, niliunge na bomba la chasisi kwa wedingi, hakuna bolti, hakuna kucheza.

Mjomba aliporudi Januari nikamwonyesha daftari. Akasoma, akaliweka chini. Akasema malori ya zamani shafti ilikuwa moja, imenyooka toka kwenye boksi ya stelingi mpaka kwenye usukani, lori likigonga mbele boksi inarudi nyuma na ile shafti inarudi nayo. Akaweka kiganja kifuani kwake, hapa katikati, akakaa nacho hivo kidogo. Sikumuuliza alimuona nani. Kuna vitu ukimuuliza mtu mzima unamkosea.

Usiku nikasoma mwenyewe. Kumbe Marekani kampuni ya General Motors ndo ilianza kuziweka kolamu za kujikunja kwenye magari yake mengi ya mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 serikali yao ikaifanya sheria kwamba usukani usimrudie dereva. Kabla ya hapo watu walikuwa wanachomwa na usukani wao wenyewe. Vile vinukta vya plastiki kazi yake ni kukatika. Ukigonga, vinakatika, shafti inaingia ndani ya mwenzie, kifua chako kinapata nafasi. Na mimi nilitaka kuvichomelea. Nilikaa na lile daftari nikafuta ule mstari kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kwaiyo kolamu nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani, sijaikata popote, hata ile loki ya funguo nimeiacha. Nimetengeneza bango jipya kwenye chasisi lenye matundu yale yale, na bolti zinapita kwenye vile vipande vya kuchomoka kama mwanzo. Kilichorefuka ni kishafti cha kati tu. Na ile kona niliyokuwa nailalamikia, kwamba reki na kolamu havitazamani, mjomba akasema ishukuru hiyo, shafti yenye kona na krosi mbili ikisukumwa toka mbele inakunja goti, haiji kama mkuki.

Kukiunga kishafti tulifanya hivi. Tukachukua vile viwili vya kiwandani, kila kimoja kikabaki na krosi yake upande mmoja. Tukampelekea mkerezaji kule Majengo bomba nene lisilo na mshono, akalikereza ndani mpaka shafti ikawa inaingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao, sentimita tano kila upande. Bomba likatobolewa matundu manne kila upande, wedingi ikajazwa kwenye yale matundu na kuzungushwa mdomoni, alafu bolti moja ya milimita 8 ikapita kila upande, kwamba hata wedingi ikikataa bado kuna kitu kimeshika. Wakati wa kuchoma, krosi tulizifunga matambara ya maji, maana beringi zake za sindano zina grisi ndani, ukizipasha moto umezimaliza. Na safari hii grainda haikugusa. Wedingi imebaki na mgongo wake.

Mara ya kwanza nilikosea tena. Tulishika kwa nukta mbili tu za wedingi ili tujaribu kwanza, nashukuru, maana nilipozungusha usukani ulikuwa unakaza, unalegea, unakaza, unalegea, mara mbili kila mzunguko. Nikadhani reki imeharibika. Mjomba akatazama akasema masikio ya krosi, zile pembe mbili za shafti zinazoishika, hayatazamani. Yaani krosi moja ikikaa kwenye kona haipeleki mwendo sawasawa, kwenye kona ya digrii 30 kuna mahali upande wa pili unapungua mwendo kama asilimia 13 na mahali unazidi kama 15, hata kama mkono wako unazungusha vizuri. Krosi ya pili ndo inairekebisha ya kwanza, ila mpaka masikio mawili ya shafti ya kati yalale mstari mmoja, na kona zote mbili ziwe sawa au karibu sawa. Mimi nilikuwa nimeyapishanisha karibu robo mzunguko, kwaiyo badala ya kufutana zikaongezana. Kwa Kiingereza kiungo hiki kina jina la Hooke, yule yule wa springi tuliyemsoma kwenye fizikia, hesabu zake ni za karne ya 17 na zimenikuta uani kwangu Mtwara.

Tukakata zile nukta mbili, tukalaza shafti juu ya kioo cha dirisha ili masikio yote yakae bapa, tukashika upya. Kona nimepima kwa simu, juu digrii 22, chini 24. Nimeridhika nayo hiyo. Redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, makoti mawili, maana chumvi ya hapa Shangani haina huruma na chuma kitupu, na kila bolti nimepiga mstari mweupe wa rangi toka kichwani mpaka kwenye chuma, ikihama hata kidogo nitaona.

Jioni hii tumekishusha chini, matairi yamegusa ardhi. Nilitaka nikae mimi kwanza, nikamwambia mjomba akae yeye. Akaingia taratibu, akashika usukani mikono miwili, akafumba macho. Akazungusha kushoto mpaka mwisho, akarudisha kulia mpaka mwisho, polepole sana, unasikia tu matairi yakisaga mchanga uliolowa. Akarudia. Hakuna kukaza, hakuna kulegea. Akafumbua macho akasema, "Mizunguko mitatu na kidogo." Akaniuliza kama mafuta ya breki nimeshanunua.