Kumbukumbu ya mradi: kuwafundisha watu wa Java kuunganisha mifumo kwenye wingu

Januari

Mafunzo ni Jumamosi asubuhi, na wanagenzi wangu wote tayari wako kazini. Kuna wa saccos, wa bima, na dada mmoja anayesimamia mfumo wa hospitali. Lugha ya programu ya Java wanaijua, na Spring Boot, zana ya kujengea programu za Java, wameshaizoea. Wanapokwama ni pale mfumo wao unapotakiwa kuongea na mfumo wa mtu mwingine, hasa ukiwa umehamishiwa kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni.

Na mifumo ya kuongea nayo ni mingi. Bili ya serikali ina namba ya malipo kutoka GePG, mfumo wa malipo wa serikali ya Tanzania, na ujumbe wake ni XML (data iliyopangwa kwa lebo) yenye saini ya kidijitali. Taarifa ya malipo ya simu mara nyingi inakuja kwa JSON, muundo mwingine wa kupanga data. Kuna benki ambayo bado inaweka faili la CSV (mistari ya data iliyotenganishwa kwa koma) kwenye seva usiku na kukuachia ulichukue mwenyewe. Nimekutana na hayo yote matatu kwenye mradi mmoja.

Kwa hiyo mradi wa mafunzo ni huu: shule ya kubuni, wazazi wanalipa ada kwa simu, mtandao wa simu wa kubuni unatutumia taarifa. Sisi tunaipokea, tunaandika malipo kwenye kanzidata ya uhasibu, kisha tunamtumia mzazi SMS. Nimeuita Ada.

Zana: Java 17, Apache Camel 4 (maktaba ya kuunganisha mifumo) juu ya Quarkus (jukwaa la kuendeshea programu za Java), kanzidata ya PostgreSQL, na Kubernetes ndogo (mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye seva) inayoishi ndani ya laptopu kwa kutumia zana iitwayo kind. Camel nimeichagua kwa sababu imekomaa. Toleo lake la kwanza ni la 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza Kenya, na imejengwa juu ya ruwaza 65 (njia zilizozoeleka za kutatua tatizo) za kuunganisha mifumo ambazo Gregor Hohpe na Bobby Woolf walizikusanya mwaka 2003. Mtu akizielewa ruwaza zile, hata kesho kazini kwake wakitumia zana nyingine hatapotea.

Kafka, mfumo wa kupitishia ujumbe mwingi, nimeiweka pembeni makusudi. Wengi waliniomba tuanze nayo. Ukianza nayo, mtu anatumia nguvu zote kuisimamisha, na swali la msingi halijaulizwa bado: ujumbe huu ukipotea njiani, nani atajua?

Februari

Tumeandika njia za kwanza za Camel, yaani maelekezo ya hatua ambazo ujumbe unapitia. Moja inapokea taarifa ya malipo na kuangalia ni ya ada, ya usafiri au ya chakula, kisha inaipeleka panapohusika. Nyingine inasoma faili la benki na kulipasua mstari kwa mstari.

Kijana wa bima akauliza, "Mwalimu, si haya yote naweza kuyaandika mwenyewe kwa `if` na `for`?" Swali zuri, na sikutaka kulijibu kwa maneno. Nikamwambia ayaandike, halafu aongeze: kanzidata ikiwa haipatikani jaribu tena mara tatu, kila mara ukisubiri muda mrefu zaidi, na ikishindikana kabisa usiutupe ujumbe, uuweke kwenye foleni ya zilizoshindikana pamoja na sababu yake. Akaandika, ikafanya kazi. Kisha tukasoma msimbo wake wote pamoja, na mantiki ya malipo ilikuwa imezama katikati ya mantiki ya kujaribu tena. Upande wa Camel yale majaribio yalikaa kwenye `onException` juu kabisa ya darasa, na njia yenyewe ikabaki inasomeka kuanzia juu hadi chini.

Ile foleni ya zilizoshindikana nimeipa mtu wa kuisimamia. Kila Jumamosi mwanagenzi mmoja ana zamu ya kuifungua na kueleza kila ujumbe uliomo. Foleni isiyo na mtu wa kuiangalia ni pesa ya mzazi iliyofichwa, na ninalisema hili kila tunapokutana.

Machi

Kontena: programu inafungwa pamoja na vyote inavyohitaji. Imeji, yaani vifurushi vya kuanzishia kontena, nilizipakua kwangu kabla na kuweka rejista ndogo (ghala la imeji) kwenye mashine yangu, wakazivuta kwa Wi-Fi ya chumbani bila kumaliza bando.

La kukumbuka hapa ni kumbukumbu ya JVM, mashine inayoendesha programu za Java. Usipoiambia kitu, kwa kawaida heap, sehemu ambamo programu huweka data zake, inaishia kwenye robo ya kumbukumbu ya kontena. Ukiipa kontena MB 512, heap inapata kama MB 128, na sehemu kubwa ya iliyobaki inakaa bure huku programu ikilalamika. Wengine huzidisha upande wa pili, heap inakaribia ukubwa wa kontena lenyewe, podi (kontena likiwa linaendeshwa na Kubernetes) inauawa kwa kumaliza kumbukumbu na unakuta alama 137 tu. Tuliweka asilimia 70 kwa `MaxRAMPercentage` tukasonga mbele.

Aprili

Huu ndio mwezi niliokuwa nausubiri, maana ndani yake ndimo kuna somo lenyewe. Kwenye wingu podi yako itauawa. Seva itaishiwa nafasi, toleo jipya litapandishwa, Kubernetes itaamua kuihamisha. Mfumo wa malipo usioandikwa kwa kulitegemea hilo haujaisha kuandikwa.

Tukaendesha podi mbili za Ada. Nikatuma malipo ya Sh 250,000, na mara tu yalipoandikwa kwenye kanzidata, kabla mtandao wa simu haujapata jibu, nikaiua podi iliyoyapokea. Mtandao ule wa kubuni ukafanya kama mitandao ya kweli inavyofanya: haukupata jibu, ukatuma tena. Taarifa ikaangukia podi ya pili. Tukafungua kanzidata: mzazi yuleyule, namba ya risiti ileile, jumla Sh 500,000.

Lakini tulikuwa tumeweka `idempotentConsumer`, ile ya kukataa ujumbe uliokwisha kuonekana! Chumba kikachangamka. Dada wa hospitali ndiye aliyeona: orodha ya risiti zilizoonekana ilikaa kwenye kumbukumbu ya podi ya kwanza, na podi imekufa nayo. Hata ingekuwa hai, ya pili isingejua. Tukaihamishia orodha PostgreSQL, kwenye jedwali la `CAMEL_MESSAGEPROCESSED`, podi zote zikaisoma hiyo hiyo.

Nikaua tena, safari hii mapema kidogo. Matokeo yakawa mabaya zaidi. Kwa kawaida Camel inaandika namba ya risiti kabla ya kushughulikia ujumbe. Hitilafu ya kawaida ikitokea inaifuta, lakini podi ikiuawa ghafla hakuna wa kuifuta. Risiti imeandikwa kuwa imeonekana, malipo hayapo, na taarifa ikija mara ya pili inakataliwa. Mzazi amelipa, shule haina habari. Ukimya ukatawala kwa muda, kila mtu akiwaza mfumo wa kwao.

Dawa yake haihitaji zana mpya. Kuandika risiti na kuandika malipo vikae ndani ya muamala mmoja wa kanzidata, viingie vyote au visiingie kabisa. Na juu ya hapo, safu ya namba ya risiti kwenye jedwali la malipo iwekewe sharti la upekee, yaani namba moja isirudiwe, ili hata mtu akikosea kwenye njia, PostgreSQL yenyewe ikatae. Hili la pili ningelitaka kwenye kila mfumo wa fedha, uwe na Camel au usiwe nayo.

Jambo jingine limetoka hapohapo. Kubernetes inapotaka kuifunga podi kwa ustaarabu inaipa sekunde 30, kisha inaikata. Camel, ikiambiwa izime, iko tayari kusubiri hadi sekunde 45 ujumbe ulio njiani umalizike. Ukiziacha namba zote mbili zilivyo, kazi inayohitaji sekunde 40 inakatwa huku Camel ikiamini bado ina muda. Tumeweka `terminationGracePeriodSeconds` kuwa 60.

Mei

Kaka wa saccos ameleta habari iliyonifurahisha sana: amepitia mfumo wa kazini kwao, amekuta jedwali la marejesho halina sharti lolote la upekee, na bosi wake amekubali liwekwe.

Kwenye Ada bado kuna SMS. Haiwezi kuingia kwenye muamala wa kanzidata, maana ikishatumwa hairudi. Tunaanza kuiandika kama mstari kwenye jedwali la zinazosubiri kutumwa, ndani ya muamala uleule wa malipo, kisha njia ya pembeni inazisoma na kuzituma. Podi ikifa baada ya kutuma na kabla ya kuweka alama, mzazi atapata SMS mbili. Hilo tumelijadili na kulikubali, kwa sharti kila SMS iwe na namba ya risiti ili mzazi aone ni malipo yaleyale. Faili la benki litafuata: mistari mingi, podi mbili, na ni podi gani iruhusiwe kulichukua.