Ukienda kumwona aliyekatwa mguu

Aliyekatwa mguu chini ya goti juzi hahitaji hotuba. Wewe uliyekatwa mguu zamani, nenda umevaa mguu wako wa bandia, kaa, msikilize. Akitaka kuuona, vua. Nusu saa yatosha, dawa za maumivu humchosha.

Tazama mto wa kitandani kwanza. Ndugu, kwa huruma, huuweka chini ya goti, naye husikia nafuu. Hapo ndipo penye hatari: goti likizoea kukunjwa, misuli ya nyuma hufupika, na goti lisilonyooka hufanya mguu wa bandia uwe mgumu kuvalika na kutembelea. Kwenye kiti cha magurudumu, kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki) kiegemezwe kwenye ubao ili goti linyooke.

Bendeji ya elastiki hufungwa mshazari, umbo la nane, ikikaza zaidi nchani mwa kigutu na kulegea kuelekea juu. Ukiizungusha duaraduara unakaba damu, ncha inavimba. Ifungwe upya mara kadhaa kwa siku, maana hulegea yenyewe.

Akisema vidole visivyokuwepo vinamwasha, mwambie ni mishipa ya fahamu na ubongo, si wazimu wala kurogwa. (Wengi hunyamaza kwa kuogopa hilo.) Kusugua kigutu taratibu kidonda kikishapona huwasaidia baadhi. Usaha au harufu, mwite muuguzi.