Jumanne Kumi na Tatu za Mtakatifu Antoni

Kanisa kuu la Malindi somo wake ni Mtakatifu Antoni wa Padua, na kila mwaka ikikaribia sikukuu watu huanza kuulizana: novena, yaani sala ya siku au majuma mfululizo, yaanza lini? Ziko mbili. Ile fupi ni siku 9, kuanzia tarehe 4 Juni hadi 12. Anayeanza tarehe 5 anamalizia siku ya sikukuu yenyewe, tarehe 13, na hilo ndilo kosa la kila mwaka. Ile ndefu, ya Jumanne 13, ukiiulizia Mei ushachelewa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tafuta Jumanne ya mwisho kabla ya tarehe 13 Juni, kisha rudi nyuma wiki 12. Mwaka 2026 sikukuu ni Jumamosi, Jumanne ya mwisho ni tarehe 9 Juni, basi ya kwanza ni 17 Machi. Mwaka wowote utaangukia kati ya tarehe 14 na 20 Machi, maana yake unaanza ndani ya Kwaresima. Wanaokwama, wengi wao hukwama Juma Kuu: Jumanne ile wako mbioni na maandalizi ya Pasaka, inawapita, halafu wanaona haya kuendelea. Endelea tu. Hii ni ibada ya hiari, si amri ya Kanisa.

Kwa nini Jumanne? Antoni alifariki Ijumaa, tarehe 13 Juni 1231, pale Arcella nje ya Padua, mji wa Italia, akazikwa mjini Jumanne iliyofuata, tarehe 17. Zamani Jumanne zilikuwa 9. Zikaongezwa hadi 13 kwa heshima ya tarehe aliyofariki. Ukiwa nyumbani, sala yenyewe haizidi robo saa: somo la Injili, nia yako, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe, kisha ule wimbo wa kale unaoanza "Ukitafuta miujiza". Ndani yake mnatajwa bahari kutii na vilivyopotea kupatikana, kwa vijana na kwa wazee.

Hapo kwenye vilivyopotea ndipo Antoni alipopatia umaarufu. Masimulizi ni kwamba mnovisi mmoja, yaani mwanafunzi wa utawa, alitoroka utawani na kitabu cha Zaburi cha Antoni. Enzi hizo hakuna mashine ya kuchapa. Kitabu kiliandikwa kwa mkono, na chake kilijaa maelezo aliyofundishia. Antoni akaomba, kitabu kikarudi, na yule mnovisi naye akarudi. Wengi husimulia kitabu wakamsahau kijana. Ukimwombea mtoto aliyepotelea mjini, hiyo nusu ya pili ndiyo yako.

Hadithi ya samaki haihitaji kufafanuliwa sana kwa watu wa pwani. Watu wa Rimini, mji wa pwani ya Italia, walipokataa kumsikiliza, alikwenda kuhubiri ufukweni, samaki wakainua vichwa: wadogo karibu na ufuko, wa kadiri nyuma yao, wakubwa kwenye kina. Ni hadithi iliyoandikwa baadaye sana, lakini aliyeipanga aliijua bahari. Mvuvi yeyote atakwambia dagaa hasimami alipo papa.

Sasa mkate, ambao wengi wanauruka. Padua husimuliwa mama ambaye mtoto wake alizama. Akaahidi kuwapa maskini ngano yenye uzito wa mwanawe, na mtoto akafufuka. Mkate wa Antoni, yaani sadaka kwa maskini, kama unavyojulikana leo ulienea kutoka Toulon, Ufaransa, mwaka 1890. Nadhiri ya uzito hupimika: mtoto wa kilo 12 ni pakiti 6 za unga za kilo mbili. Mkiamua kugawa boflo, ziokwe jioni ya tarehe 12, si mapema. Juni ni kusi na unyevu, na mkate uliofungwa kwenye plastiki ungali moto huota ukungu upesi. Uache upoe kwanza. Na ugawiwe wenye shida. Ukiishia kwa wanakwaya na wazee wa kanisa, hiyo ni chai ya baada ya misa.

Ukinunua sanamu, angalia mikono. Wa Padua ana kanzu ya Wafransisko, Mtoto Yesu, kitabu na ua la yungiyungi. Mzee mwenye ndevu ndefu na nguruwe miguuni ni Antoni Abate wa Misri, sikukuu yake 17 Januari. Wala usimgeuze kichwa chini ili akupatie mchumba, kama wafanyavyo baadhi ya watu Brazili. Hiyo ni kumteka nyara, si kumwomba.

Na wageni wanaokwenda kumtafuta kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti: pale anayetajwa ni mmisionari Fransisko Ksaveri, aliyetua Malindi mwaka 1542 akielekea India. Antoni mwenyewe, ingawa alizaliwa Lisbon, hakufika huku. Afrika aliijua Moroko tu, akaugua, akarudi Ulaya.