Nilivyoacha kubahatisha majina ya vifurushi vya Python na Perl

Skripti yenyewe ilikuwa ndogo: `import yaml`, `import bs4`, `import dateutil`, na kando yake kipande cha Perl kinachotumia `YAML::XS`. Kazi ilikuwa kuiendesha kwenye Debian, Fedora na openSUSE kwa vifurushi vya distro (toleo la Linux) yenyewe, bila pip, kisakinishi cha maktaba za Python. Kuanzia Debian 12, ukiita `pip install` nje ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) unakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`, na mimi naona wamefanya vyema, kwa sababu pip na apt (kisakinishi cha Debian) wakishika maktaba moja hujui tena ni nakala ipi inayosomwa.

PyYAML peke yake inatosha kuonyesha ugumu ulipo. Kwenye PyPI, hazina ya mtandaoni ambako pip huchukua maktaba, inaitwa PyYAML, ndani ya msimbo unaandika `yaml`. Debian hufuata jina unaloandika kwenye `import`, kwa hiyo ni `python3-yaml` na `python3-bs4`. Fedora hufuata jina la PyPI: `python3-pyyaml`, `python3-beautifulsoup4`. openSUSE huacha herufi kubwa zilivyo, `python3-PyYAML`, na kwenye Tumbleweed jina hubeba hata toleo la Python, mfano `python313-PyYAML`. Alpine nao wana `py3-yaml`. Afadhali dateutil: PyPI huiita `python-dateutil`, lakini Debian na Fedora zote hazirudii neno python, zinaandika `python3-dateutil`.

Kuna sheria moja ya Debian inayookoa muda: jina la kifurushi hukubali herufi ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha, kistari na nukta tu. Kistari cha chini hakimo. Ndiyo maana `typing_extensions` utaikuta kama `python3-typing-extensions`, na ukiitafuta kwa kistari cha chini hupati kitu.

Perl ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kanuni ya Debian ni kuanza na `lib`, kugeuza `::` kuwa kistari, kisha kumalizia na `-perl`. `JSON::XS` inakuwa `libjson-xs-perl`. Sasa jaribu `libyaml-xs-perl`: haipo. Kinachopewa jina si moduli, ni furushi la CPAN (hazina ya moduli za Perl) ambamo moduli hiyo imo, na `YAML::XS` imo ndani ya YAML-LibYAML. Kwa hiyo ni `libyaml-libyaml-perl` kwenye Debian, na `perl-YAML-LibYAML` kwenye Fedora. Usitafute `libdata-dumper-perl` pia, maana `Data::Dumper` huja na Perl yenyewe. Amri `corelist Data::Dumper` itakuthibitishia.

Hapo niliacha kutunga majina, nikawa naiuliza hazina ya distro ni kifurushi gani chenye faili ninayoihitaji. Kwenye Debian:

    sudo apt install apt-file
    sudo apt-file update
    apt-file search dist-packages/yaml/__init__.py
    apt-file search /YAML/XS.pm

Ukiruka `update`, utafutaji hauna orodha ya kusoma. Na usichukue jibu la kwanza tu: soma njia yote ya faili, kwa kuwa moduli nyingine inaweza kuwa na `YAML/XS.pm` iliyozama ndani ya folda zake.

Fedora ni rahisi zaidi, kwa sababu kifurushi hutangaza chenyewe kinachotoa:

    sudo dnf install 'python3dist(pyyaml)' 'perl(YAML::XS)'

Alama za nukuu ni za lazima. Bila hizo bash hukwama kwenye mabano kabla dnf, kisakinishi cha Fedora, haijaitwa. Ndani ya `python3dist` andika jina la PyPI kwa herufi ndogo, kistari cha chini kikiwa kistari cha kawaida. Kwenye `perl(...)` herufi hubaki kama zilivyo kwenye moduli. zypper ya openSUSE nayo inaelewa `perl(YAML::XS)`.

Hata jina likiwa sahihi, bado kuna mtego. `python3-pycryptodome` ya Debian huweka moduli kwa jina la `Cryptodome`, si `Crypto`, kwa hiyo msimbo wenye `from Crypto.Cipher import AES` utaanguka ingawa kifurushi kimekaa vizuri. Hapo kinachobadilishwa ni msimbo.

Vifurushi kama `librust-serde-dev` na `golang-github-spf13-cobra-dev` vipite tu. Vina msimbo chanzo wa Rust na Go wa kujengea vifurushi vingine vya Debian, na cargo, chombo cha kujengea programu za Rust, katika kazi za kila siku haivigusi.

Jaribio la mwisho nililifanya kwenye kontena tupu ya kila distro:

    /usr/bin/python3 -s -c 'import yaml, bs4, dateutil'
    perl -MYAML::XS -e 1

Ikinyamaza, imekubali. Hiyo `-s` huizuia Python kusoma `~/.local`, ambako mabaki ya pip ya zamani hujificha na kufanya kifurushi kilichokosekana kionekane kipo.