Daraja ambalo Bagge hakulivuka

Kuna hila moja ya watunzi ambayo siipendi kabisa. Unasoma kurasa mia mbili, unahangaika na mhusika, unaomba asikamatwe, halafu mwisho unaambiwa alikuwa akiota. Huwa najiona nimetapeliwa. Lakini Waaustria wa zama za mwisho wa dola yao, na wale walioandika baada ya dola kuvunjika, wameitumia hila hiyohiyo bila haya, na kila wakinifikisha mwisho narudi ukurasa wa kwanza nikiwa na hamu zaidi ya mara ya kwanza.

Chukua *Baron Bagge* ya Alexander Lernet-Holenia, mzaliwa wa Vienna aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa kijana. Ilitoka 1936, nayo ni fupi, unaimaliza jioni moja. Ni majira ya baridi ya 1915. Kikosi cha wapanda farasi wa Austria na Hungaria kinatumwa kuwatafuta Warusi, na kiongozi wao, Semler, ni mtu ambaye akili yake huwezi kuitegemea. Wanafika kwenye daraja la mto Ondava, adui yuko ng'ambo, na Semler anaamuru wavamie hivyohivyo, mbio, juu ya farasi. Risasi zinanyesha. Bagge anahisi kitu kimemgonga, kama vijiwe vilivyorushwa na kwato za farasi wa mbele. Basi. Wanapita, wanashinda, safari inaendelea.

Kuanzia hapo mambo yananyooka kupita kiasi. Wanafika mji wa Nagy-Mihály, wanakuta watu tele, muziki, karamu, kama vile vita viko nchi nyingine. Binti aitwaye Charlotte anampokea Bagge kana kwamba amemsubiri miaka yote, na haipiti muda wanaoana. Doria zinakwenda huku na kule kutafuta Warusi, zinarudi mikono mitupu. Hapo ndipo msomaji makini angeshtuka. Jeshi zima la Urusi limekwenda wapi? Mimi sikushtuka. Nilikuwa nimeshikwa na harusi.

Halafu Semler anawapeleka kaskazini zaidi, mpaka kwenye daraja jingine, na hili limefunikwa dhahabu. Bagge anagoma kuvuka. Anazinduka akiwa amelala kwenye daraja la Ondava, na majeraha mwilini, wenzake wengi wamekufa kando yake. Kila kilichotokea tangu vile vijiwe, mji, ngoma, ndoa, kilipita katika muda mfupi akiwa kati ya uhai na kifo. Wale waliolivuka daraja la dhahabu walikuwa wanakwenda zao kweli.

Sasa rudi mwanzo wa kitabu. Mwanzoni kabisa Bagge yuko kwenye tafrija na kuna fujo, kwa sababu ana sifa mbaya mjini: inasemwa kuna wanawake waliojiua kwa ajili yake, kwa kuwa alikataa kuwaoa. Kisa chote cha daraja anakisimulia kama utetezi. Hawezi kuoa, ana mke tayari. Mke mwenyewe yuko ng'ambo ya kule alikokataa kwenda. Hapo ndoto inaacha kuwa hila ya mtunzi. Mtu ameamka akiwa hai na amepata hasara, na hasara hiyo anawalipisha wanawake wengine, walio hai, wasiojua lolote.

Leo Perutz ameupindua mpango huu. Alizaliwa Prague 1882, akaishi Vienna, na kabla ya vitabu kumlisha alikuwa mtaalamu wa hesabu za bima. Mwaka 1907 alianza kazi kwenye kampuni ya bima huko Trieste, na mwaka huohuo Franz Kafka, mwandishi wa Prague, aliajiriwa na kampuni ileile tawi la Prague. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo jambo hili linanifurahisha kuliko inavyostahili. Mtu anayeshinda na majedwali ya vifo, umri huu wanakufa wangapi, ule wangapi, jioni anakwenda nyumbani kuandika riwaya ambayo kifo kimekataa kukaa kwenye safu yake.

Riwaya hiyo, *Zwischen neun und neun* (Kati ya tisa na tisa), ilitoka 1918. Mwanafunzi Stanislaus Demba anazunguka Vienna kutwa nzima kutafuta pesa, maana msichana anayempenda anataka kusafiri kwenda Venice na mwanamume mwingine. Tatizo ni kwamba Demba hatoi mikono yake nje ya joho. Anaingia dukani kununua chakula, hakigusi. Pesa zinafika mbele yake, hazichukui. Anatukana watu, anawatungia uongo wa ajabu, na kila anayekutana naye ana maelezo yake: huyu ni kilema, huyu ana bastola, huyu ni kichaa. Kwa muda mrefu msomaji naye anabahatisha pamoja nao, na sehemu nyingine ni za kuchekesha hasa. Kisha Demba anamwonyesha rafiki yake Steffi. Ana pingu. Alijaribu kuuza kitabu cha maktaba kisicho chake. Za mwizi arobaini, na zake zilitimia asubuhi hiyo. Polisi walipomfikia, saa ikigonga tatu asubuhi (ndiyo tisa ya kizungu iliyo kwenye jina la kitabu), aliruka kutoka juu ya nyumba.

Mwisho unauona unakuja. Saa ile iliyogonga aliporuka ndiyo inayogonga mwisho wa kitabu. Hapakuwa na kutwa wala mizunguko. Yuko chini, amekufa, na kishindo cha kuanguka kimezivunja pingu. Mikono yake iko huru.

Naiweka hii na ile ya Bagge pamoja kwa sababu moja. Kila mmoja anapewa muda wa ziada kati ya pigo na kifo, na muda huo si zawadi, ni ukaguzi. Demba anautumia wote akijaribu kuishi ile siku aliyoharibu, na pingu anazibeba mpaka ndani ya ndoto. Hata katika ulimwengu aliojitungia mwenyewe hawezi kujitoa pingu. Bagge yeye anapewa kila kitu, halafu anadaiwa.

Hugo von Hofmannsthal aliwatangulia wote wawili na *Reitergeschichte* ya 1899. Hiyo ni Julai 1848, karibu na Milano. Sajini Anton Lerch anamwona mwanamke aliyemfahamu zamani, Vuic, na tamaa inamwingia: nyumba, starehe, mali. Baadaye anapita peke yake katika kijiji kichafu ambako farasi wake anakwenda kwa uzito, kana kwamba miguu yake ya nyuma ni ya madini ya risasi. Panya wanapigana. Ng'ombe anaburutwa kwenda kuchinjwa. Mbele, kwenye daraja la mawe (daraja tena!), anamwona mpanda farasi wa kikosi chake akija, juu ya farasi kama wake, na akitazama vizuri ni yeye mwenyewe. Jioni hiyohiyo nahodha wake anaamuru farasi walionyakuliwa kwa adui waachiwe. Lerch anachelewa kumwachia wake. Nahodha anahesabu mpaka tatu na kumpiga risasi ya paji la uso. Hakuna kuamka hapa, na hakuna anayetuambia kosa la Lerch ni lipi hasa. Farasi? Mwanamke? Kujiona tu?

Arthur Schnitzler ndiye maarufu zaidi kati yao, kwa *Traumnovelle* ya 1926, na Sigmund Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi, aliwahi kumwandikia, Mei 1922, akikiri kuwa alimkwepa kwa hofu ya kukutana na pacha wake. Ni kitabu kizuri. Ila Fridolin, daktari ambaye ndiye mhusika mkuu, anarudi nyumbani kwa mkewe, na mimi namwonea wivu kidogo kwa kutoka rahisi hivyo. Ukurasa ninaoukumbuka ni wa chumba cha maiti tu, anapomtazama mwanamke ambaye huenda alikufa kwa ajili yake na hawezi kuwa na hakika kama ndiye.

*Baron Bagge* nilimwazima dada yangu. Aliirudisha na neno moja.

"Mwoga."

Nikamwambia, dada, huyo amekataa kufa, ungetaka afanyeje?

"Angevuka. Mke yuko ng'ambo, yeye anageuza farasi! Halafu wale wengine wanajiua, na bado anakaa kwenye tafrija anasimulia watu kisa chake cha mapenzi."

Nimempa Demba sasa. Anasema huyo angalau aliruka.