Uso wa Beni

Desemba 2018 nilirudi Tanga likizo na diski moja niliyoificha ndani ya soksi, katikati ya begi, isije ikakwaruzwa na viatu. Ilikuwa Night of the Living Dead, sinema ya kutisha ya George Romero ya mwaka 1968, ya maiti wanaoinuka na kula watu. Mimi na kaka tuliijua kama "Maiti Hawalali", kwa sababu ndivyo alivyoiandika kwa chaki kwenye ubao wa banda la video mwaka 1991.

Banda lilikuwa Ngamiani, la mabati, mabenchi sita, joto la kukamua. Banda umiza hasa. Bara hatukuwa bado na kituo chetu cha televisheni. Wenye antena ndefu walinasa Zanzibar usiku hali ya hewa ikikubali, waliobaki tulikwenda kwenye deki. Kaka alikuwa na miaka 16 na kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya TV akitafsiri. Mimi nilikuwa na miaka 9, naingia bure kwa kuwa mdogo wake, nami nikilipa kwa kumshikia chupa ya spiriti na pamba ya kusafishia hedi ya deki chenga zikizidi.

Mkanda wenyewe uliletwa na baharia. Ulikuwa nakala ya nakala, na aliyewahi kurekodi mkanda kutoka mkanda anajua kinachotokea: kila safari giza linazidi kuwa giza na weupe unazidi kuwaka, mpaka vya katikati vyote vinapotea. Barbra, yule dada mweupe anayekimbizwa makaburini mwanzoni, tulimwona vizuri, hata machozi. Beni hatukumwona. Beni ndiye steringi, mtu mweusi kama sisi, na banda lilijaa kwa ajili yake, maana ilikuwa nadra mno kukuta mweusi ndiye anayewaambia wengine la kufanya. Lakini kwenye ule mkanda alikuwa kivuli chenye bunduki. Uso wake ulikuwa wa kwanza kuliwa na zile nakala.

Kwa hiyo kaka akamtengenezea uso kwa maneno. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Kuna mahali Beni anasimama ndani ya nyumba wanamojificha na kusimulia kwa muda mrefu, bila kukatizwa. Kaka alituambia anamsimulia Barbra habari za mke na watoto aliowaacha kwao, na kwamba haogopi kitu. "Beni haogopi kitu," alikuwa akirudia, na vijana wa mabenchi ya mbele wakaitikia. Yalikuwa ya kubuni yote. Kivuli hakikuwa na cha kumpinga.

Halafu ule mwisho. Asubuhi imefika, wawindaji wa maiti wanakuja na mbwa na bunduki, mtu anachungulia dirishani, anapigwa risasi ya kichwa, anaanguka. Banda lote likapiga kelele. Kila mtu pale alijua sheria: steringi hafi. Wakaanza kudai hela zao. Kaka akapaza sauti kuliko wote: aliyepigwa ni maiti mwingine, Beni ametokea mlango wa nyuma, yuko njiani kurudi kwa watoto wake. Watu wakashusha pumzi wakatoka. Na mimi nilitoka nikiamini, nikaendelea kuamini miaka mingi.

Nilikuja kuijua sinema hiyo kwa undani nikiwa Marekani. Jina lake la kwanza lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipolibadilisha, ile alama ya hakimiliki iliyokuwa kwenye picha ya jina la zamani, mwanzoni mwa sinema, haikuwekwa kwenye ile mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kukosa alama ilikuwa kukosa haki. Ikawa mali ya kila mtu. Yeyote mwenye nakala chakavu aliweza kuuza mkanda, na waliuza kweli, duniani kote, huku Romero na wenzake wa Pittsburgh, waliotengeneza kazi ile kwa dola zipatazo 114,000 tu, wakitazama pesa zikipita mbele yao. Jambo hili huniuma hadi leo. Ndiyo sababu mkanda ulifika Ngamiani, na ndiyo sababu ulifika bila uso.

Bahati ni kwamba wenyewe walikuwa wameitunza negativu ya kamera, yaani ile filamu ya asili iliyopita ndani ya kamera. Jumba la makumbusho ya sanaa la New York, MoMA, pamoja na The Film Foundation, shirika la kuhifadhi sinema, wakaisafisha na kuichukua upya kwa 4K, ubora wa juu wa picha, chini ya usimamizi wa Romero mwenyewe na wenzake. Dakika 96, picha 24 kila sekunde. Ukizidisha unapata zaidi ya picha 138,000. Ilionyeshwa New York mwaka 2016. Romero akafariki Julai 2017, na diski ya Criterion, kampuni inayotoa sinema za zamani, ikatoka Februari iliyofuata. Niliinunua wiki ileile, ila sikuifungua. Niliona si haki kuitazama bila yule aliyenitafsiria.

Kaka alikuwa ameazima mashine ya Blu-ray kwa jirani. Tukaweka diski, ikazunguka, ikakataa. Diski ile ilikuwa imefungwa ichezwe kwenye mashine za eneo la Marekani tu, na mashine zinazouzwa kwetu ni za eneo jingine. Nilikuwa nimeliwaza hilo, nikatoa laptopu na kidraivu chake cha nje, nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV ya sebuleni. Shemeji alikuwa ameshawalaza watoto. Tukabaki wawili, na feni.

Nilidhani atashangaa jinsi picha ilivyosafishika. Hakusema lolote. Makaburi yakapita, Barbra akakimbia, nyasi zilionekana moja moja. Kisha Beni akaingia, taa ya gari ikimmulika, na kaka akasogea mbele kwenye kochi.

Uso ulikuwapo. Uso wa Duane Jones, aliyemwigiza Beni, wote: paji la uso linalong'aa jasho, mikunjo kando ya mdomo, macho yanayohama haraka kabla kichwa hakijageuka. Waliorejesha picha hawakufuta zile punje za filamu, jambo ambalo wengine hulifanya wakidhani wanasaidia, matokeo yake watu wanakuwa kama wa nta. Hapa ngozi ilibaki ngozi. Weusi wa mtu mweusi una rangi nyingi ndani yake hata kwenye picha isiyo na rangi, na zote zilikuwa kwenye ile negativu tangu 1967, siku walipopiga picha kwenye ile nyumba karibu na Evans City. Hazikuwahi kupotea. Ni sisi tuliofikiwa na kivuli.

Yakaja yale masimulizi marefu. Safari hii Kiingereza tulikielewa sote. Beni haongelei mke wala watoto. Anasimulia lori la mafuta linalowaka moto, mayowe, na jinsi alivyowapitia wale viumbe kwa gari wakiwa wamesimama tu njiani. Sauti inashuka. Kaka akanyoosha mkono, nikasimamisha picha.

Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe alikuwa anaogopa."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nikawaambia haogopi kitu."

Tukaendelea. Luku ikakata katikati, akatoka na simu kununua umeme, akarudi, akaingiza namba kwa tochi, tukarudisha nyuma kidogo. Ilipofika asubuhi ya mwisho sikumtazama. Nilimtazama Beni akipanda ngazi kutoka chini, na akichungulia dirishani, na safari hii hapakuwa na shaka yoyote huyo ni nani. Risasi ikapigwa. Zikafuata zile picha za mnato, wanaume na kulabu zao za nyama, mwili unaburutwa kuchomwa. Kwenye mkanda wetu yale yalikuwa madoa tu, tulikuwa tumeshaanza kusimama kutafuta kandambili.

"Nilijua ni yeye," kaka alisema. "Tangu siku ile."

Nikageuka.

"Maiti gani anashika bunduki? Niliiona bunduki." Akajifuta uso kwa kanga ya shemeji iliyokuwa kwenye kochi. "Ulikuwa benchi la mbele, umeanza kulia. Nikaona siwezi."

Miaka 27 nilidhani aliogopa kurudisha hela za watu.

Kesho yake nilipokuwa nafunga begi alikuja akaichukua diski mezani, akaigeuzageuza, akasoma maandishi ya nyuma ya kasha mpaka mwisho. Akaniambia nimwachie. Nikamkumbusha kwamba mashine za huku haziisomi, na laptopu naondoka nayo.

"Niachie hivyohivyo, mdogo wangu," akasema. Nikamwachia.